Mke Mwenza Asiye na Kichwa

Harufu ilianza Ijumaa kama fununu, Jumamosi ikawa habari, na ilipofika Jumatatu asubuhi ilikuwa imekwisha kuwa mpangaji: imeingia duka la ushonaji, imenyoosha miguu, haina mpango wa kuhama.

"Panya," alisema Dada. Alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya kukatia, makalio juu, ufagio mkononi. "Panya amekufia humu. Tena si panya mtoto. Huyu ni panya mwenye wajukuu."

Mdogo wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Kibonge tangu utotoni na mtaa ukafuata, aliendelea kushona pindo bila kuinua uso. "Labda ni mtaro wa nje."

"Mtaro gani unanuka hivi? Njoo ushike huku tusogeze kabati. Mama mkwe wako anakuja saa sita, unataka atukute tunanuka kama machinjio?"

Kibonge alijichoma kidole kwa sindano, akakinyonya. Alijua. Tangu Jumamosi alijua. Kilichooza hakikuwa na mkia wala wajukuu, na hakikuwa chini ya kabati. Kilikuwa mbele yao wote wawili, katikati ya duka, kimevaa gauni la harusi.

Nieleze kidogo, maana mtu akisikia hivyo anaweza kukimbia.

Pale dukani kulikuwa na sanamu la kupimia nguo. Halina kichwa, halina mikono. Lina kifua, kiuno cha kutamanisha, na mguu mmoja wa mbao. Ndani ni tupu, na shingoni lina kifuniko cha mbao kama cha mtungi. Mchumba wa Kibonge, siku ya kwanza alipoingia akamkuta amelikumbatia akilivisha, alisimama mlangoni akasema, "Kumbe una mke mwenza na hukuniambia?"

"Ndiye mkubwa huyu," Kibonge alimjibu.

"Mbona hana kichwa?"

"Ndiyo maana hatugombani."

Jina likabaki hapo hapo: Mke Mwenza. Na mapenzi nayo yakaanza hapo hapo, maana mwanamume akicheka kwa sauti ile, tena ana kope ndefu kama za ndama, fundi gani atahesabu nyuzi sawasawa?

Mwanamume mwenyewe alikuwa mpishi wa jiko la hospitali iliyo ng'ambo ya barabara. Kila mchana alivuka na bakuli la mfuniko, na juu ya mfuniko kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu, kama anavyowaandikia wagonjwa wake: *Jumatano. Fundi. Chumvi ya kawaida.* Kisha anakaa kwenye kigoda cha wateja, anaweka kidevu kiganjani, anasema, "Kula nikuone."

Hapo sasa. Macho yenyewe yalikuwa mazuri, na balaa lilikuwa hilo. Utafunguaje mdomo mbele ya macho kama yale? Utatafunaje, mashavu yakipanda na kushuka, mtu anakutazama kama mwezi?

"Nimeshiba, mpenzi. Nitakula baadaye."

Miezi minane. Miezi minane mpishi anamchumbia mwanamke ambaye hajawahi kumwona akimeza kitu ila mate.

Baadaye yenyewe ilikuwa ya namna mbili. Siku nyingine, mpishi akishatoka, Kibonge alivuta pazia la chumba cha kujaribia nguo, akachuchumaa kati ya vipande vya vitambaa, akala kwa mikono miwili bila kuonja, kama mwizi anayekula ushahidi. Akimaliza alijipangusa mdomo kwa kipande cha bitana, kisha akaukuta uso wake kwenye kioo cha wateja: mafuta hadi kidevuni, punje ya wali imenata puani. Alichukizwa na uso ule hata akautemea mate. Halafu akapangusa kioo kwa bitana ile ile, maana mteja wa saa nane anakuja.

Siku nyingine alikuwa ameapa hatakula. Lakini kumwaga chakula ni dhambi aliyofundishwa na mama yao kabla hajaota meno, na kurudisha bakuli limejaa ni kumtukana mpishi. Basi aliinua kifuniko cha shingo, akalishusha bakuli tumboni mwa Mke Mwenza, na jioni akalitoa akawapelekea mbwa wa nyuma ya soko. Mbwa wale walikuwa wamenawiri kwa mapenzi yasiyo yao.

Haya, Jumanne iliyopita alishusha bakuli la samaki. Jioni mteja mmoja alikuja kupiga kelele kuhusu mkono wa blauzi, Kibonge akasahau. Jumatano alichelewa kufika, na kumbe Dada, kwa bidii ya kumfurahisha bibi harusi, alikuwa ameamka mapema akamvisha Mke Mwenza gauni zima: kola ndefu imefungwa vifungo kumi na viwili juu ya kifuniko, marinda thelathini na mawili yamebanwa kwa pini kiunoni, moja moja, kwa futi. Ukifungua kola, marinda yote yanalegea. Na harusi ni Jumamosi.

"Umependa?" Dada aliuliza siku ile, macho yamemtoka kwa uchovu na furaha.

Ungekuwa wewe ungesema nini? "Samahani Dada, ngoja nimtoe samaki"? Alisema, "Limependeza." Akajiambia samaki ni wa kukaanga, hataharibika haraka. Mtu mwenye aibu hushindwa hesabu ya darasa la pili.

Saa sita kamili hodi ikapigwa. Hakukuwa na haja ya kutazama saa. Mgeni mwenyewe alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na hata watoto aliowafundisha miaka ishirini iliyopita bado wakimwona njiani huficha mikono nyuma. Mwembamba, amenyooka kama rula, mwavuli kwapani.

"Shikamoo, Mama," Kibonge alisema.

"Marahaba, mwanangu." Pua ilikunjamana kabla mguu wa pili haujaingia. Kitambaa cha mkononi kikapanda. "Kuna nini humu?"

"Panya, Mwalimu," Dada alidakia. "Marehemu. Tunautafuta mwili."

"Mwanamke hujulikana kwa pua ya mgeni wake," alisema Mwalimu ndani ya kitambaa. Kibonge alihisi uso unawaka. Mwanamke huyu, siku ya kuja kutambulishwa, alimshika kidevu akamgeuza huku na huku kama nyanya sokoni, akasema: "Uso unao, mwanangu. Mungu akikusaidia na kiuno, utakuwa mtu." Tangu siku hiyo Kibonge hakulala vizuri. Na tangu siku hiyo alitenda kosa ambalo hata mwanafunzi wa cherehani hupigwa kwa kulitenda: kiuno chake kilikuwa inchi thelathini na nane, gauni akalikata inchi thelathini. Nguo haikatwi kwa mwili ambao haujafika. Lakini alikata.

"Ule unga wa kunywa umekwisha?" Mwalimu aliuliza.

"Umekwisha, Mama."

"Nimekuletea mwingine." Kopo likatua mezani. Kibonge alilisogeza kando kwa kidole kimoja. Kinywaji kile kilikuwa cha kijani, kinateleza, na kilishuka kooni kama chura aliyebadili mawazo katikati ya safari. "Hebu nipe futi."

"Mama, vipimo ninavyo vimeandikwa..."

"Sikuulizia maandishi. Inua mikono."

Akainua. Mwanamke mzima, fundi anayepima mtaa mzima, alisimama dukani kwake mikono juu kama mtu aliyekamatwa, huku vidole vya baridi vikimzungusha futi kiunoni. Mwalimu aliinama, akasoma, akasoma tena kwa sauti ya kuita mahudhurio.

"Thelathini na nane na nusu! Umeongezeka nusu!"

"Labda ni hewa, Mwalimu," alisema Dada. "Leo kila mtu amebana pumzi."

"Hewa haina inchi. Mtu anapungua kwa kukaza mdomo, basi, hakuna dawa nyingine. Unakula nini wewe?"

"Sili kitu, Mama."

"Unakula. Mwili hausemi uongo kama mdomo."

Dada, ambaye alikuwa anaanza kukunja uso, alisukuma sahani. "Mwalimu, chukua biskuti na chai basi."

Mwalimu alichukua moja, akaivunja katikati kwa uangalifu wa mtu anayepasua kidonge, akala nusu, nusu akaifunga kwenye karatasi akaitia mkobani. "Nusu yangu, nusu ya kesho," alisema. Kisha akamgeukia Mke Mwenza, uso ukalainika kwa mara ya kwanza. "Hiki ndicho kiuno. Tazama. Hiki ndicho kiuno cha kuingia nacho nyumbani kwa watu."

Inzi mmoja wa kijani, mnene, alitua kwenye kiuno kile akasugua mikono.

Na mlango ukafunguka tena.

"Wenyewe?" Ilikuwa sauti ya mpishi, ambaye zamu za jikoni zilimzuia kuvuka tangu Alhamisi, na bakuli la Jumatatu mkononi. "Mama, kumbe umeshafika. Shemeji, habari za..." Akasimama. Pua yake ilicheza mara mbili. Ile haikuwa pua ya mtu wa kawaida. Pua ile kila alfajiri ndiyo inayoamua samaki gani ataingia jikoni kwa wagonjwa na gani atarudi na mwuzaji wake.

"Panya, shemeji," alisema Dada.

"Hapana." Alifumba macho, akavuta hewa, akajuta, akavuta tena. "Huyu si panya. Huyu ni samaki. Amekaangwa... kuna kitunguu saumu. Kuna pilipili manga." Alifumbua macho taratibu. "Huyu samaki namjua."

Kibonge alisimama kati yake na Mke Mwenza. "Twende nje, mpenzi. Humu kuna joto."

"Subiri. Hilo gauni lina nini pale?"

Wote wakatazama. Chini kidogo ya marinda, katika weupe ule wote, palikuwa na doa la manjano ukubwa wa kifungo. Walipokuwa wakilitazama likawa ukubwa wa kisahani. Halafu kwenye ukingo wa rinda la saba akajitokeza funza, mweupe kuliko gauni, akainua kichwa kama anayetafuta kiti.

"Mungu wangu," alisema Mwalimu, akarudi nyuma hadi akakaa kwenye cherehani.

Mpishi alinyoosha mkono. Kibonge akaruka akamkumbatia Mke Mwenza kwa mikono yote miwili. "Usimguse!"

"Kuna nini ndani?"

"Hakuna kitu!"

"Fundi. Nitazame. Kuna nini ndani?"

Alimkumbatia kwa nguvu zaidi, na hilo lilikuwa kosa, maana bakuli lililofungwa siku sita kwenye joto halihitaji kukumbatiwa. Tumboni mle kitu kikafanya *pfuuu*, kama mzee akikaa kwenye kochi. Maji ya moto ya kahawia yakashuka kwenye mguu wa mbao, yakapita kati ya vidole vya miguu vya Kibonge. Dada alitapika kwenye ndoo ya vipande vya vitambaa. Sitaieleza harufu ile. Aliyewahi kuinusa anaijua, na ambaye hajainusa namtakia aendelee hivyo.

Kibonge hakutapika. Alisimama mle ndani ya uvundo, ameshika kiuno kisicho chake, akatazama vidole vyake vya miguu. Kitu kikamkatika moyoni, kwa usafi, kama uzi ukikatwa kwa meno. Alichukua mkasi mkubwa mezani.

"We, gauni!" Dada alilia.

Alilipasua tangu kola hadi kiunoni. Pini ziliruka. Marinda thelathini na mawili, kazi ya alfajiri nzima ya Dada, yakafunguka kama mkono uliochoka. Akaondoa kifuniko cha shingo, akaingiza mkono hadi kwapani, akatoa bakuli akaliweka sakafuni mbele ya mpishi. Mfuniko ulikuwa umefutuka kama tumbo la chura. Ndani yake kulikuwa na kitu cha kijivu kinachotembea.

Plasta ilikuwa bado imeshika. Mpishi aliinama akasoma mwandiko wake mwenyewe. *Jumanne. Fundi. Mchuzi kando, kama upendavyo.*

Akaupitisha kidole juu ya maneno yale.

"Jumanne uliniambia umekula hadi mifupa," alisema.

"Ndiyo."

"Ukasema umelamba vidole."

"Ndiyo."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine mbwa wa soko." Sauti yake ilikuwa kavu. "Na siku nyingine nilikula. Usifikiri sikula. Nilikula pale nyuma ya pazia, nimechuchumaa, kwa mikono miwili, bila kunawa. Nilikula cha kwako na nusu ya mkate wa Dada na ganda la ndizi lililobaki na ndizi kidogo. Halafu najitazama kwenye kioo kile natamani kujitapika mimi mwenyewe, nitoke nje ya mwili huu niuache humu, nifunge mlango. Sasa unajua. Unayemwoa ndiye huyo."

"Mkate wangu!" alisema Dada kutoka kwenye ndoo. "Na mimi nikamfukuza msafishaji nikidhani ni yeye!"

Mpishi alifungua mdomo, akaufumba, akaushika kwa kiganja, akatoka mbio. Wakamsikia nje, karibu na bomba, akitapika kama wagonjwa wake.

Kibonge alisikiliza kila sauti. Basi, alijiambia. Yamekwisha. Hata yeye kachukia.

Mwalimu alikuwa amejikusanya. Alisimama kwenye kipande kikavu cha sakafu, mwavuli mbele yake kama fimbo. "Sikulaumu, mwanangu," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya darasani. "Umeshindwa kwa sababu ulikuwa unajaribu peke yako. Nitakufundisha. Mimi nilipewa mume nikiwa na miaka kumi na tisa, na mama yake akaniambia maneno yale yale niliyokwambia wewe. Nikafunga mdomo. Nakula nimesimama, jikoni, watu wakishamaliza. Nusu. Miaka arobaini na mitatu sijawahi kushiba hata siku moja." Akanyoosha shingo. "Na gauni langu la harusi hadi leo linanitosha."

Alisema kwa fahari. Kibonge akamtazama, si mwavuli wala macho ya rula, bali vile viwiko vilivyochongoka, ngozi ya shingo, mkobani nusu ya biskuti inayosubiri kesho. Chukizo alilokuwa amejitapakaza mwenyewe miezi minane likageuka polepole likatafuta pa kwenda. Halikwenda kwa mwanamke yule. Lilikwenda kwa ile rula ndefu iliyompima yule, ikaja kumpima na yeye, na kama Mungu angempa binti ingempima na huyo.

"Ulilivaa tena lini, Mama?" aliuliza.

"Nini?"

"Gauni. Linakutosha. Ulilivaa tena lini?"

Mwalimu aliuhamishia mwavuli mkono wa pili. "Liko sandukuni," alisema.

Dada alijifuta mdomo kwa kiganja.

Mpishi alikuwa amerudi, amesimama mlangoni, maji yanamchuruzika kidevuni. Sijui alisikia kuanzia wapi. "Mama," alisema taratibu, "ndiyo maana nilikuwa nakula peke yangu mezani?"

"Ulikuwa unakula vizuri," Mwalimu alisema haraka. "Ulikuwa unamaliza. Nilikuwa nakutazama kutoka jikoni."

"Najua. Nilikuwa namaliza ili utabasamu."

Mwalimu alivaa miwani yake, akaivua, akaivaa. Kisha akasema ile sentensi aliyokuwa amekuja nayo moyoni labda tangu pua ilipokunjamana: "Harusi itangoja. Gauni hakuna, kiuno hakuna. Tutawaambia watu bibi harusi anaumwa."

"Haitangoja kiuno chochote," mpishi alisema.

"Itangoja," alisema Kibonge.

Wote wakamgeukia.

"Itangoja, lakini si kiuno." Alikuwa akifuta vidole vya miguu kwa kipande cha gauni, kitambaa ghali kuliko vyote dukani, na hakujali. "Siwezi kuolewa Jumamosi hii na mwanamume ambaye naogopa kutafuna mbele yake. Nitakaa ndani ya nyumba yako miaka arobaini na mitatu nikila nyuma ya pazia. Hapana. Nipe muda."

"Kiasi gani?" Mpishi aliuliza kama mtu anayeuliza jeraha lina kina gani.

"Sijui."

Mwalimu akatoka. Mlangoni alisimama, akarudi hatua mbili, akachukua lile kopo la unga mezani. Wengine watasema alilichukua kwa hasira. Mimi nasema hakuna aliyemwona usoni, kwa hiyo tunyamaze.

Dada naye, ambaye hakuumbwa kukaa kwenye kimya kizito, alibeba ndoo. "Mimi naenda kuoga, na nguo hizi nachoma," alisema. "Na wewe Kibonge, kitambaa kimebaki jora nusu. Nikirudi tunakata upya. Unavaa lini utajua mwenyewe, lakini tunakata mtu aliyepo." Akakonyeza, rangi bado haijamrudi usoni. "Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hawakujua kwamba hata ulichokataa kula nacho kimo humo."

Wakabaki wawili. Walisafisha. Hakuna kitu cha mahaba katika kusafisha funza, ila kimoja tu: huwezi kumsafishia mtu usiyempenda. Alipiga deki huyu, akasugua yule, wakabadilishana ndoo, kila mmoja akigeuza uso kupumua. Mke Mwenza alitolewa nje juani, uchi, tumbo wazi.

"Nimetapika kwa sababu ya samaki," mpishi alisema ghafla, akiwa amepiga magoti. "Nataka ujue. Si kwa sababu ya pazia."

"Si lazima useme uongo."

"Nimechukia, sikatai. Nimechukia kudanganywa. Kila siku narudi jikoni natembea kama jogoo, nasema amekula, amekula vyote." Alisugua pale pale palipokwisha kung'aa. "Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe uliniuliza?"

"Nini?"

"Miezi minane. Umewahi kuniuliza kama nina njaa?" Alisimama na tambara mkononi. "Unakuja na bakuli, unakaa, unasema kula nikuone. Kama mtu anayelisha kuku. Sikuwahi kujua kama nataka samaki. Sikuwahi kujua kama nataka kitu chochote. Mama yako ananitazama nisile, wewe unanitazama nile. Nyote mnanitazama mdomoni!"

Brashi ikasimama. Yale macho yenye kope za ndama yalishuka sakafuni, yakakaa huko.

"Ni kweli," alisema.

Kibonge alitegemea ajitetee. Alikuwa ameandaa maneno mengine manne makali, sasa yakabaki mkononi bila kazi.

Saa tisa walikaa nje nyuma ya duka, kwenye benchi karibu na bomba, mahali ambapo upepo ulikuwa unapeleka harufu kwa majirani. Wamenawa mara tatu na bado vidole vilikuwa na kumbukumbu. Bakuli la Jumatatu lilikuwa kati yao: mkate, mayai ya kuchemsha, nyanya.

"Una njaa?" aliuliza mpishi.

Kibonge alifungua mdomo kusema ameshiba, akaufumba kwanza. Akatafuta ndani yake kama mtu anayepapasa taa gizani. Palikuwa na kichefuchefu. Palikuwa na aibu, imekaa mahali pake pa siku zote. Na chini yao, dogo, limekunjamana, kitu kingine.

"Kidogo," alisema. "Nadhani."

"Unataka kula?"

"Usinitazame."

"Sikutazami."

"Unanitazama kwa pembeni."

Basi mpishi alinyanyuka, akalipanda benchi kama anayepanda farasi, akamgeuzia mgongo. Kibonge akageuka naye, mgongo kwa mgongo, mabega yakakutana, bakuli likawa ubavuni pa wote. Mbele ya mpishi ulikuwa ukuta. Mbele yake Kibonge ilikuwa kamba ya nguo, na shuka la mtu.

Alichukua yai. Lilikuwa baridi, laini, linateleza, na kwa muda akalichukia lenyewe na mkono uliolishika. Akauma. Alijisikia akitafuna, sauti ile ilimjaa masikioni, ya kinyama, akakaza macho kwenye shuka. Akameza. Hakufa. Akauma tena. Katikati ya yai la pili akagundua kwamba linataka chumvi, na akashangaa, maana kwa miezi minane hakuwahi kujua chakula chochote kinataka nini.

"Hukutia chumvi," alisema kwa mdomo uliojaa.

Mgongo wa mpishi ukatikisika. Alikuwa anacheka, au kitu kinachofanana na kucheka. "Iko kwenye karatasi. Chini ya mkate."

Hakugeuka. Kupitia shati mpishi alisikia kila kitu: pumzi, taya, kumeza. Wakala. Kibonge aliacha kipande cha mkate bila kukimaliza, si kwa kiapo, ila kwa kuwa hakukitaka, na hilo nalo lilikuwa geni kiasi kwamba alikitazama kipande kile kwa heshima.

Lakini nyanya aliitaka. Bakuli lilikuwa limebaki tupu. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, ukapapasa paja la mpishi, ukapanda gotini, ukakuta nusu ya nyanya vidoleni mwake, ukaichukua.

"Hiyo ilikuwa yangu," alisema mpishi, akiutazama ukuta.

"Ilikuwa," alisema Kibonge, akatafuna kwa sauti.